Mwanafunzi wa uuguzi apewe futi kabla ya kipimajoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Iringa aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba manesi wa siku hizi wanaijua kadi, hawamjui mtu. Nimekuwa nesi kwa miaka 38, na 12 ya mwisho nilikuwa nafundisha, kwa hiyo barua ile ilinichoma. Nilishika kalamu nimkatalie. Kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, mjukuu wangu akaja likizo ya Pasaka, na baada ya siku tatu za kukaa naye nikaichana barua niliyoanza.

Mjukuu huyu yuko mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi, jina la chuo tuliache. Tulikuwa jikoni hapa Uyole tunamenya viazi, mvua inapiga bati, naye anakariri kwa ajili ya mtihani. Maana ya afya, kwa Kiingereza, kwa pumzi moja, bila kukosea hata silabi. Nilikumbuka mimi nikiwa mtoto ninavyoitikia misa kwa Kilatini, sijui ninaomba mvua au ninaomba radhi.

Nikamwambia, "Vizuri. Sasa niambie kwa Kiswahili, halafu uniambie kama bibi yako ana afya."

Alihangaika kidogo, akaipata: afya ni hali ya kuwa mzima kabisa kimwili, kiakili na kijamii, wala si kutokuwa na ugonjwa au udhaifu tu. Kisha akanitazama kuanzia kilemba hadi miguuni. Nina presha, nameza vidonge tangu 2009. Goti la kushoto linanitabiria mvua kuliko redio. Na shemeji yangu hatusalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba la viazi.

"Bibi, kwa maana hii wewe huna afya."

"Na wewe?"

Akafikiria ada, akafikiria mtihani, na nadhani akamfikiria kijana fulani asiyepiga simu. "Na mimi sina."

"Na huyo aliyeiandika?"

Kiazi kilimponyoka kikaingia kwenye majivu.

Simlaumu mtoto. Hakuna aliyemwambia kwamba sentensi ile ilitoka kwa watu. Ni ya katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini New York mwezi Julai 1946, ikaanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, ndiyo maana siku hiyo ni Siku ya Afya Duniani. Ukikumbuka kwamba vita kuu ilikuwa imeisha mwaka mmoja tu nyuma, miji imebomolewa, watu wametawanyika, unaelewa kwa nini walitaka kusema kwamba mtu aliyepona jeraha lakini hana nyumba wala ndugu hajapona. Hapo walikuwa sahihi kabisa. Neno linalonikwaza mimi ni hilo "kabisa". Ukilishika kwa mikono miwili, dunia nzima ni wodi.

Nikamuuliza tena: asubuhi ulipokutana na jirani yetu ulimwambia nini? Akasema, "Nilimwambia mwagonile." Na huyo mama alikuwa anauliza nini kwa Kinyakyusa chake? Anauliza mmelalaje. Ukivuka kwenda Iringa utasalimiwa kamwene. Kwa Kiswahili tunaulizana hujambo, yaani huna jambo? Hatuulizani "huna ugonjwa?" Jambo linaweza kuwa homa, linaweza kuwa deni, linaweza kuwa mume ambaye hajarudi tangu juzi. Na ukitaka kusema huna jambo, unasema u mzima, kama tunavyosema yai zima, mwezi mzima, nyumba nzima. Yale waliyokaa wakayaandika New York, bibi yangu aliyekuwa hajui kusoma alikuwa anayauliza kila asubuhi mlangoni. Mwalimu anayeanza somo la afya na ugonjwa angeanzia hapo mlangoni, darasa lingecheka, na lisingesahau.

Basi tukaacha viazi vichemke, nikamfundisha nilivyokuwa nafundisha.

Kwanza nilimtaka atenganishe mambo matatu ambayo vitabu vyao vinayatenganisha kwa maneno matatu ya Kiingereza, na wanafunzi wanayaandika yote "ugonjwa" wakitafsiri. Kiswahili kinayo maneno yake. Kuna ugonjwa wenyewe, yaani hitilafu iliyo mwilini, uijue usiijue. Kuna kuumwa, yaani kile mtu anachokisikia. Na kuna kuwa mgonjwa mbele za watu: unaletewa uji, unaandikiwa ED, ruhusa ya kupumzika kazini, hakuna anayekudai ukalime. Mara nyingi yanakuja pamoja, ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Nesi anapata kazi ngumu yanapoachana.

Miaka ya tisini nilikuwa zahanati moja wilayani Rungwe. Mzee mmoja alimleta mkewe mwenye kikohozi. Nilikuwa na wanafunzi wawili wa mazoezi, nikawaambia wapate mkono wa kujifunzia kupima presha, mzee akatoa wake kwa ukarimu tu. 190 kwa 115. Nikapima mwenyewe mara ya pili, ile ile. Presha ikifika 140 kwa 90 tunaanza kuwa na wasiwasi, huyu alikuwa ameshapita mbali. Nikamwambia, "Baba, una presha, tena kubwa." Akacheka, akasema, "Sista, mimi siumwi. Anayeumwa ni huyu." Asubuhi ile alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani kupandisha kilima.

Alikuwa anasema kweli. Alikuwa na ugonjwa, na haumwi. Mimi kwa ujinga wangu nikarudia neno "presha" kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio. Hakurudi. Baada ya miezi kadhaa aliletwa na kiharusi, upande wa kulia umelala, na kijijini walishapata jibu kwamba katupiwa kitu na jirani. Ningekaa naye dakika kumi nikamwambia kwamba kuna magonjwa yanayokaa ndani kimya kama panya kwenye dari, pengine angemeza vidonge. Nasema pengine.

Kinyume chake nacho kipo, sitakitumia muda mwingi: mama anayeumwa kweli, halali, moyo unamwenda mbio, vipimo vyote safi, na nesi anamwambia "huna kitu, nenda nyumbani". Ana kitu. Hatujakiona tu, au hakipo kwenye damu.

Hapo mjukuu akaniuliza kuhusu dalili. Kiswahili chetu kinaita dalili kile mgonjwa anachokueleza, mfano kichwa kinamuuma, na kile unachokiona au kukipima wewe, mfano macho ya manjano au joto la 39. Walimu wengine hukiita hiki cha pili ishara. Mtihani unadai avitenganishe, sawa, ila wodini tofauti ina maana moja kubwa: cha kwanza utakipata tu ukinyamaza usikilize. Na homa ni dalili, si ugonjwa. Sisi tunasema "ana homa" kana kwamba tumemaliza, halafu tunamwandikia taifodi, malaria na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa mkupuo, utatu mtakatifu wa maduka ya dawa. Kipimo cha Widali peke yake hakitoshi kusema mtu ana taifodi, maana kinaweza kusoma maambukizi ya zamani au kitu kingine kabisa. Lakini nani atabishana na karatasi yenye muhuri?

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, maana umezaliwa kwetu huku.

Wanafunzi wanafundishwa kwamba ugonjwa ni kama mafiga matatu: kuna kisababishi, kuna mtu, kuna mazingira. Ondoa figa moja, chungu kinaanguka. Mfano wanaopewa ni malaria, na si mbaya. Kyela kule chini kando ya Ziwa Nyasa, joto na maji, mbu wanashiba. Panda hadi Makete au Njombe, kimelea cha malaria kinashindwa kukomaa ndani ya mbu kwa baridi. Mtu ni yule yule, kimelea ni kile kile, mazingira yamekataa. Lakini mwanafunzi anaujua mfano huu tangu darasa la tano, haumshtui.

Mimi nilikuwa nawapa wa kifafa. Kijana mmoja kutoka Mbozi (siku hizi ni Songwe, mkoa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016) aliletwa wodini kwetu, ana miaka ishirini na kitu. Alianguka kwenye mnada. Watu walimkimbia, kwa sababu wanaamini ukigusa povu lake nawe unaanguka, na alipokuwa anajirusha mguu wake uliingia kwenye moto wa mchoma mahindi. Hakuna aliyemtoa mpaka alipotulia. Nilikuwa nasafisha kidonda kile kila asubuhi, na kila asubuhi mama yake alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu kawafanyia.

Daktari akasema huenda ni watoto wa tegu wa nguruwe, yaani mnyoo, wamefika kichwani. Nikamsikia nesi mwenzangu akicheka: huyu ni Msabato, nguruwe hajawahi hata kumnusa! Na kweli, familia nzima walikuwa Wasabato, kitimoto hawaijui ladha yake. Picha ya kichwa ilipokuja kupatikana Dar es Salaam, daktari alikuwa sahihi.

Inakuwaje? Nguruwe anayezurura anakula kinyesi cha mtu mwenye tegu tumboni. Mayai yanaanguliwa ndani ya nguruwe, yanakwenda kwenye misuli na kukaa kama vipunje vyeupe. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu tumboni, mnyoo mrefu ambao pengine haumsumbui hata kidogo. Hadi hapo ni habari ya mla nyama. Lakini tegu huyo anataga, mayai yanatoka na kinyesi, na kama choo hakuna, au mikono haikunawiwa, au mboga zimemwagiliwa maji ya mfereji ule, mayai yanaingia kinywani mwa mtu yeyote: mla nguruwe, Msabato, Mwislamu, mtoto wa miaka minne. Yakiingia kwa njia hii hayawi tegu tumboni. Yanaanguliwa, yanasafiri kwa damu, mengine yanafika kwenye ubongo na kujenga kiota. Inaweza kupita miaka kabla hajaanguka mara ya kwanza.

Kipindi hicho cha kimya vitabu vya Kiswahili hukiita uatamizi. Mjukuu alikuwa ameliandika neno hilo daftarini bila kulitazama. Nikamwonyesha kuku wetu kwenye kikapu nyuma ya mlango. Amekaa siku ya kumi na moja leo, kuna kelele yoyote? Hakuna. Kuna kinachotokea? Kipo. Surua huatamia kama siku 10 hadi 14, kipindupindu saa chache hadi siku tano, tegu wa ubongo miaka. Na nesi asiyejua hilo atamuuliza mgonjwa "jana ulikula nini?" wakati jibu liko miaka mitatu nyuma kwa jirani asiye na choo.

Tukitaka kukinga, tunakingia wapi? Choo, banda la nguruwe, nyama ipite kwa mkaguzi na iive hadi ndani: hapo umezuia kabla hakijaanza. Kumgundua mwenye tegu tumboni na kumpa dawa mapema, umemwokoa yeye na majirani zake. Na yule ambaye ameshaanza kuanguka? Wengi hudhani kwake kinga imekwisha. Nilimkalisha mama yake kwenye benchi la wodi, nikamfundisha: akianguka msogezee mbali vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, povu lake halikuambukizi, dawa asikose hata siku moja, na jikoni mjenge jiko la kuinuka, si mafiga ya chini. Hiyo nayo ni kinga, ya ngazi ya mwisho, na ni kazi ya nesi kuliko ya daktari. Kwenye mtihani ina alama mbili. Yule mama alinishika mkono akaniambia "ndaga", yaani asante, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hakuna aliyetufanyia?" Nikamwambia hakuna. Alilia zaidi ya siku aliyomleta.

Ninayo na ya kukiri, Mhariri, na ndiyo iliyonifanya niichane ile barua ya kwanza.

Mwaka 1983 ulianza mkoani Iringa ule mpango mkubwa wa lishe wa serikali na mashirika ya UNICEF na WHO. Nilikuwa nesi kijana. Tulikuwa tunakwenda kijijini siku ya afya, tunafunga mizani kwenye tawi la mti, watoto tunawavisha kile kisuruali cha mizani wananing'inia wakipiga mateke, tunasoma kilo, tunaweka nukta kwenye kadi: kijani, kijivu, nyekundu. Ilikuwa kazi nzuri. Watoto wa nyekundu walipungua kwa macho yetu.

Siku moja mama alileta wawili. Mkubwa anakohoa, nikamhangaikia yeye. Mdogo ana miaka minne, mashavu yamejaa, anacheka. Kilo 13 na nusu. Nukta ikaangukia kijani, japo pembeni. Nikamfinya shavu nikamwambia mama, "Huyu hana shida, mzima huyu." Alikuwa na urefu gani? Sijui kwa hakika, kwa sababu sikumpima. Lakini alisimama kando yangu kichwa kikanifika pale kwenye mfuko wa gauni la unesi, na mfuko ule nilikuja kuupima miaka mingi baadaye, nilipokuwa nafundisha: sentimita 89 kutoka ardhini. Mtoto wa kiume wa miaka minne anategemewa kuwa na kama 103. Sentimita 89 ni urefu wa mtoto wa miaka miwili na kidogo. Alikuwa amedumaa, na mimi nimemwandika mzima, na kijiji kizima kinamwona mzima, kwa sababu watoto wenzake wote walikuwa wanafika mfukoni. Tulikuwa tunasema "ukoo wao wafupi".

Watu wa Dar wakisikia hili hawaamini. Nyanda za Juu Kusini, ghala la taifa, mahindi, viazi, maharage, maziwa, parachichi linaloenda Ulaya! Na utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 umekuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati kwa taifa zima ni 30. Nusu ya watoto, penye chakula kingi. Mtoto hana homa, haharishi leo, hakuna wa kumpeleka zahanati. Anakula ugali akashiba, uji wa sembe mtupu asubuhi, mama yuko shambani kuanzia alfajiri, maharage yameuzwa, mayai yameuzwa. Kuna kwingine anaonjeshwa ulanzi, pombe ya mianzi, alale. Siku elfu moja tangu mimba kutunga hadi anapofikisha miaka miwili zinapita hivyo, na zikipita kile kimo hakirudi kirahisi, na akili inayojengwa siku hizo nayo imepunjwa.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kazi yake ni ugonjwa atampita mtoto huyu kama nilivyompita mimi. Hana kisababishi cha kutazama kwa darubini.

Na hata kisababishi kikiwepo, si lazima uwepo ugonjwa. Robert Koch alipomwonyesha ulimwengu kijidudu cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, watu walidhani tumemaliza: kila ugonjwa na mdudu wake. Leo inakadiriwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa kijidudu hicho, na kati yao wanaokuja kuugua maishani ni asilimia 5 hadi 10. Wengine wanatembea nacho hadi kaburini kikiwa kimelala. Nani kinamwamkia? Mwenye njaa, mwenye kisukari, aliyelundikwa kwenye chumba kisicho na dirisha, mwenye VVU asiyetumia dawa.

Hapo mjukuu akasema jambo lililoniudhi. Alisema, "wale wagonjwa wa kliniki ya VVU". Mkoa wa Njombe katika utafiti wa 2022 na 2023 ulikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, taifa zima 4.4, kwa hiyo huku kwetu si habari ya mbali, kila mtu ana shangazi. Nikamuuliza: yule fundi aliyetuezekea paa la jikoni ni mgonjwa? Alipanda na mabati nane mgongoni. Anameza dawa miaka kumi na mbili, virusi vimefubaa hata kipimo hakivioni, na kwa hali hiyo hamwambukizi mkewe. Yeye mwenyewe hutuambia, hafichi. Ana virusi. Haumwi. Kwa nini umwite mgonjwa? Alitafuta jibu kwenye daftari, hakulipata. Afadhali, akalitafute kwa fundi.

Ombi langu kwa walimu wenzangu walioko vyuoni ni dogo. Somo hili la mwanzo, la maana ya afya na ugonjwa, lifundishwe kwanza kwa Kiswahili. Kiingereza kitafuata, mtihani ni wa Kiingereza na mimi si mjinga wa kuukataa. Lakini mtoto alielewe jambo kabla hajalikariri. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 18 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikaa vikundi chini ya mti na redio moja ya mkulima, wiki 12, malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu. Watu takribani milioni 2 nchi nzima walishiriki, wengi wao hawajamaliza shule. Baba yangu, mtu mgumu, alisikiliza kipindi cha safura, akazima redio, akachukua jembe, akaenda kuchimba choo. Hakuulizwa maana ya kinga kwa Kiingereza.

La pili, kabla hawajagusa wodi, wapelekwe nyumbani kwa watu. Wiki moja tu. Mwanafunzi akae na familia isiyo na mgonjwa, aangalie maji yanatoka wapi, nguruwe analala wapi, nani anakula kwanza, mtoto ana kimo gani, bibi anameza dawa gani na anaificha wapi. Chuo kimoja nilikopendekeza hili waliniambia hakuna bajeti ya nauli. Nikasema waende kwa miguu, nyumba ya kwanza iko mita mia mbili kutoka getini. Kikao kikaahirishwa.

Na wewe msomaji wa Iringa, nakukubalia nusu. Kadi ni muhimu, niliziona zikiokoa watoto. Ila wakati wa kuandika nukta nilikuwa nimeinama, mtoto amesimama pembeni yangu.

Mjukuu amerudi chuoni Jumatatu kwa basi la saa kumi na mbili. Asubuhi ile nilimtilia kwenye begi parachichi sita na futi ya kushonea, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo. Juzi kanipigia simu, sijui kasoma saa ngapi maana alikuwa sokoni: "Bibi, mtoto wa mama ntilie ana miaka mitatu na nusu, nimepata themanini na nne. Nimwambieje mama yake?" Tulikaa kwenye simu mpaka salio lake likaisha.

Muuguzi mstaafu,
Uyole, Mbeya